Shamba la Wajina

Jumapili, 2 Februari

Kassian anasema nina mdomo. Kasema tena leo tukitoka kanisani, mbele ya watu, na watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu ni kweli. Basi mdomo nauhamishia humu. Kuanzia leo hadi mpunga uingie ndani, kila litakalonikera nitaliandika, na mume wangu apumue.

La kwanza ni hili. Mama mkwe ametuita baada ya misa. Yeye si mtu wa kuita watu kwa heshima. Akikuhitaji hupaza sauti kutoka uani kwake nawe unakimbia. Leo katuma mtu. Tulipofika tukamkuta kazima redio, nikajua lipo jambo. Kampakata Sia mapajani. Sia ni binti yetu, ana miaka mitatu, na jina lake la ubatizo ni Marsiana kama la bibi yake, kwa hiyo wale wawili hawaitani bibi na mjukuu, wanaitana wajina. Tulimpata baada ya miaka ya hospitali na novena, wakati hapa Mkula walishaanza kunionea huruma kwa sauti.

Mama kasema lile shamba lake la mwinuko, huko nyuma kuelekea mlimani, anampa wajina wake. Shamba lile alilinunua mwenyewe akiwa mjane, kwa vitumbua alivyouza stesheni ya Mang'ula. Hakuna mwanamume wa ukoo mwenye neno nalo.

“Lakini siliandikishi leo,” kasema. “Mtoto hali udongo. Wekeni humo kitu kitakachomsubiri akue. Tukishavuna nitapanda kuangalia. Nikikuta kiko hai, nakwenda kwa mtendaji wa kijiji kumwandikisha. Nikikuta nyasi, tutazungumza mengine.”

Hayo mengine Nazari alikuwa nayo tayari mfukoni. Nazari ni mdogo wake Kassian, anaendesha bodaboda Ifakara, pikipiki yenyewe ni ya tajiri wake. Kapendekeza shamba liuzwe, inunuliwe pikipiki, yeye aiendeshe kwa niaba ya mtoto. Kwa niaba ya mtoto! Kisha akaongeza kwamba Sia ni wa kike, ataolewa, na shamba litakwenda na watu wengine. Nilimtazama mama mkwe nikingoja amkemee. Hakumkemea. Alikuwa anamsuka Sia kana kwamba hakusikia.

Nimerudi nyumbani nimekaza meno. Shamba lile litakuwa la Sia. Nimeandika.

Jumatano, 5 Februari

Jua kali. Nazari kapita barabarani, kanipigia honi. Sijaitikia.

Jumapili, 9 Februari

Leo jumuiya ilisali kwetu. Kosa langu ni kutaja lile shamba wakati wa chai. Rozari tuliimaliza haraka kuliko ushauri. Mzee Kasmiri kasema ng'ombe, maana ng'ombe anazaa wewe umelala. Mkewe akamkumbusha kwamba wa kwao walizaa, na walipokula mpunga wa jirani yeye Kasmiri ndiye hakulala. Mwingine kasema tumfungulie mtoto akaunti benki tuisahau. Mwingine kasema matofali. Mama mmoja kasema bora tununue kiwanja Ifakara, na alipoulizwa kwa nini yeye hakununua akasema vilikuwa vimeisha. Kassian mwisho kabisa kasema mitiki. Mitiki ni mbao nzuri, inapendwa na wanunuzi, unaipanda unakwenda zako.

Nikamuuliza itavunwa lini. Kasema Sia akiwa na miaka ishirini na kitu. Nikamuuliza kabla ya hapo, madaftari na sare atanunua kwa majani ya mitiki? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikaona nimemwumiza, lakini swali lilikuwa swali zuri.

Ijumaa, 14 Februari

Nimerudi kutoka Mbingu kwa dada Digna, na nimerudi mtu mwingine.

Digna ameolewa huko karibu miaka kumi na mitano. Zamani alikuwa akija kwetu kukopa unga, nasi tunampa tukijua haurudi. Sasa wana kokoa. Kanizungusha shambani mwake siku nzima. Ni kivuli kitupu, unatembea juu ya majani makavu, matunda yamebandikana kwenye shina lenyewe na si kwenye vitawi, mengine ya njano, mengine mekundu. Kapasua moja akampa Sia mbegu zikiwa na ute wake mweupe anyonye. Mtoto kanyonya mpaka kidevu kikateleza. Akaomba nyingine. Akaomba nyingine tena.

Kinachonipendeza si utamu. Mti huu ukiutunza unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, halafu unazaa miaka na miaka. Sia sasa ana mitatu. Akianza darasa la kwanza, kokoa yake nayo inaanza. Nilikaa pale kwenye kivuli nikalia kidogo, na Digna akaniambia nilie nikimaliza nichukue jembe, kwa sababu kokoa haipendi machozi, inapenda palizi.

Kanionya vitu viwili. Miche michanga inataka kivuli. Na mizizi yake haitaki kukaa kwenye maji. La kivuli halina shida, mama mkwe ana migomba ya zamani shambani. La maji nalo sikulifikiria sana, maana pale ni mwinuko. Nikampigia Kassian simu kumwelezea, nikamwelezea kivuli, matunda, na jinsi mtoto alivyonyonya.

Jumatatu, 17 Februari

Tumebishana siku mbili, leo tumeafikiana. Kokoa ndani, mitiki mpakani kuzunguka shamba zima. Kokoa imsomeshe, mitiki imngoje awe mtu mzima, ajenge au afungue biashara au afanye atakavyo. Wazo la kuchanganya ni la Kassian. Naliandika hapa kwa sababu kwa mdomo sijamwambia kwamba ni zuri.

Yeye ni mtu wa mpunga. Baba yake mpunga, babu yake mpunga. Ukimuuliza habari za mtu anakuambia amevuna nini. Nilidhani kokoa hatataka hata kuisikia.

Jumamosi, 1 Machi

Tumevunja kikoba, kila mtu na akiba yake. Wenzangu wamenunua vitenge, mmoja godoro. Mimi nimenunua miche.

Jumanne, 4 Machi

Miche imefika juu ya fuso lililobeba mpunga kutoka Mbingu, kila mmoja ndani ya kiriba chake cha plastiki, mirefu kama mkono wangu. Digna kanipangia na dereva kama anapanga harusi. Tumeishusha barabarani, magari yanapita, Nazari naye akapita na abiria. Kapunguza mwendo akauliza, “Shemeji, hiyo ni mboga?” Abiria wake akacheka.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa refu. Kwaresima inaanza kesho, nikalimeza.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua imekubali, tumepanda. Kassian kachimba mashimo, mimi nimepanda, mama mkwe kakaa kwenye kigoda chini ya mgomba anasimamia. Hakusema kizuri wala kibaya. Sia kapanda mche mmoja kwa mikono yake, karibu na kigoda cha bibi, na kuufunika udongo mpaka majani. Ikabidi tuufukue. Kasema ule ni wake. Nikamwambia yote ni yake. Akasema hapana, huo tu.

Mitiki tumeimaliza jioni mpakani. Mgongo hauna raha. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo nikiwa nimechoka hivi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Hakuna mche uliolegea.

Jumatatu, 24 Machi

Kesho ninahamia bondeni. Kila mwaka msimu huu kijiji kinabaki na kuku na wagonjwa. Wote tunashuka mashambani tukaishi kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, tupalilie mpunga, tuje tufukuze ndege, hadi kuvuna. Sijui watu wa kwingine wanaishije na nyumba moja.

Mwaka huu nilitaka kubaki na miche. Haiwezekani, palizi ya mpunga tumeahidiana na akina mama wenzangu, leo kwangu kesho kwako, na asiyekwenda kwa mwenzake haendewi. Basi Kassian atabaki Mkula kwanza, maana mama yake goti limevimba na mtu wa kumwangalia lazima awepo. Mimi na Sia tunashuka. Nimemwachia maagizo mpaka akaniomba nimwonee huruma. Asiguse kivuli. Apalilie kwa mkono karibu na shina. Azuie mbuzi.

Kasema, “Mama Sia, nenda. Nitaitunza kama mpunga.”

Naondoka na amani.

Jumapili, 30 Machi

Dungu letu halivuji ila upande mmoja, na upande huo nimelaza sufuria. Sia anaimba na vyura.

Alhamisi, 3 Aprili

Palizi kwa Theresia. Kesho kwangu.

Jumanne, 8 Aprili

Mtandao hapa unapatikana ukisimama kwenye kona ya dungu umeinua simu. Nimempata Kassian. Goti la mama linashuka. Nikauliza miche. Kasema nisiwe na wasiwasi, mvua ilikuwa inakuja na kukimbilia bondeni bila faida, sasa amerekebisha, maji yanakaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejisifu na anangoja asifiwe. Nikamsifu. Nikasema ahsante Baba Sia. Mtandao ukakatika.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Tumesali huku huku bondeni. Mvua kubwa usiku na mchana, mto umepanda, mpunga umefurahi. Huku juu ya dungu nikawa naufurahia na mimi, kisha sijui kwa nini yale maneno yakanirudia. Maji yanakaa. Yanakaa wapi? Kwenye mwinuko maji hayakai. Yakikaa, mtu kayakalisha.

Nimempigia. Hapatikani.

Jumatano, 16 Aprili

Nimechoka, lakini lazima niandike leo.

Asubuhi nimemwachia Theresia mpunga, nikamfunga Sia mgongoni nikatembea. Sehemu nyingine maji magotini, sehemu nyingine pikipiki, nyingine miguu tena. Nimefika Mkula mvua inanyesha. Sikuingia nyumbani. Nimempa Sia kwa bibi yake mlangoni, shikamoo nimeisema huku natembea, nikapanda shambani.

Kassian alikuwa amechonga majaruba. Kwenye kokoa. Kila mstari wa miche kauzungushia tuta la udongo, limenyooka, limepigwa vizuri kwa mgongo wa jembe, kazi ambayo ukiiona bondeni unasimama kuitazama. Na ndani ya kila jaruba maji yametulia, na ndani ya maji ndimo imesimama kokoa ya mwanangu. Majani ya chini yamekuwa njano. Mengine yanaelea.

Alikuwa pale pale, jembe begani, anaongeza tuta. Aliponiona akatabasamu. Nilipiga kelele nadhani mpaka Mang'ula walisikia. Nilimwambia ameua. Nilimwambia kichwa chake kina mpunga mtupu. Nilisema na mengine ambayo hata humu siyaandiki. Sikumngoja ajibu, nikaingia kwenye maji nikaanza kulibomoa tuta la kwanza kwa mikono, kwa sababu jembe sikuwa nalo. Udongo ulikuwa umeshikana, kucha zinaumia, nalia, navunja.

Yeye kasimama. Kisha kasema taratibu, hata mvua ilikuwa inammeza:

“Mama Sia, mimi kila nilichokikuza maishani nimekikuza ndani ya maji. Nilidhani nampa mtoto kilicho bora.”

Nikakaa chini kwenye tope. Nikamtazama. Alikuwa amekonda. Wiki tatu mtu kachonga majaruba peke yake, baada ya kumpikia mama yake na kumkanda goti, wala hakuna aliyemwomba. Na mimi Digna aliniambia habari ya maji, nami kwenye simu nilimwelezea mume wangu matunda na kivuli, maji sikuyataja. Nikamwambia shika huku tubomoe. Akashika. Tuta alilolichonga siku nzima tulilivunja kwa muda mfupi, na kila likifunguka maji yalitoka kwa kishindo yakashuka, nikawa nahesabu moyoni hilo moja, na hilo.

Tatizo ni sehemu ya chini, pale shamba linapolala kidogo kabla ya kijito. Maji yote ya juu yalikuja kutua pale. Tulikuwa tunaiokoa miche ya juu kwa kuizamisha ya chini. Ilihitaji mfereji kukata hadi kijitoni, na sisi wawili tulikuwa tumekwisha.

Hapo ikaja pikipiki. Nazari. Nikasema sasa imekamilika, ndiye aliyebaki, aje acheke. Aliegesha, akavua koti la mvua akalitundika kwenye mgomba, akashuka hadi chini kabisa. Akatazama maji, akatazama kijito. Akasema, “Kaka, lete jembe.” Akachimba. Kachimba kama mtu aliyetukanwa. Kassian akachukua koleo akamfuata nyuma, mimi natoa udongo kwa karai. Simu ya Nazari iliita mara nyingi mfukoni, ni abiria au ni tajiri, hakuipokea. Tulipofika kijitoni, maji yakaingia mferejini yakaondoka yote, tukasimama watatu tunayaangalia tu.

Nilipogeuka nikamwona mama mkwe. Kasimama mlangoni kwake, Sia mkononi, anatazama huku juu. Sijui alianza kututazama saa ngapi. Nilingoja aseme. Akageuka akaingia ndani, akafunga mlango.

Digna kwenye simu kasema tusiing'oe, tusitie mbolea, tusifanye lolote. Udongo ukauke kidogo, mizizi ipumue, tungoje. Kungoja ndiko nisikokuweza.

Alhamisi, 17 Aprili

Alhamisi Kuu. Miguu yote imevimba, yangu na ya Kassian. Tumekandana.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tumekula kwa mama mkwe, wali na jogoo. Habari ya shamba hakuigusa hata kidogo, na mimi ninayejua kusema nilikosa pa kuanzia. Kila nikimtazama nilikuwa naliona neno lile. Nyasi.

Baada ya chakula nilimkuta Nazari uani anaosha pikipiki. Nikamshukuru kwa siku ile. Kasema si kitu. Nikamuuliza basi ile hasara ya siku nzima alimwambiaje tajiri wake. Akasugua tairi kwanza.

“Shemeji, hesabu ya siku ile nimeilipa kwa kukopa. Mimi miaka sita napeleka hesabu kwa mtu. Pikipiki ya kwanza ikachakaa, akanunua ya pili, nayo inachakaa. Nilisema lile la kuuza shamba kwa sababu naitaka pikipiki yangu. Lakini najua pikipiki ikifika miaka mitatu inakuwaje. Mtoto haachiwi kitu kama hicho.”

Nikachukua kitambaa nikamsaidia upande wa pili. Miezi hii yote nimemwita mlafi humu kichwani mwangu, kumbe ni mtu aliyechoka kuwa wa mtu. Ila lile la kuolewa bado sijamsamehe, na nimemwambia.

Jumatano, 23 Aprili

Hakuna mabadiliko.

Jumamosi, 26 Aprili

Majani yanadondoka. Wa kwanza umekufa. Wa mstari wa chini.

Jumanne, 29 Aprili

Mwingine. Na mwingine. Kassian anaamka kabla yangu kwenda kuangalia, akirudi namsoma miguu. Akiburuta kandambili, najua.

Ijumaa, 2 Mei

Leo nilimwambia Kassian labda tungepanda mitiki tupu. Kasema hapana. Kasema kwa sauti ya juu, yeye ambaye hana sauti. Kokoa ni ya mtoto, na yeye ndiye aliyeizamisha, kwa hiyo hatoki pale mpaka ajue mwisho wake.

Jumapili, 4 Mei

Nimepiga kelele tena, mpaka mama mkwe katoka.

Nimeona majani mekundu. Kwenye ncha za miche kumeota majani madogo, laini, yamelegea, rangi kama ya kutu. Nikasema ugonjwa. Baada ya maji, sasa ugonjwa! Nikampigia Digna nikiwa sina pumzi, nikamweleza. Kisha nikasikia anacheka, anamwita mumewe Beno aje asikie, wanacheka wote wawili.

“Eveline,” kasema, “jani jipya la kokoa linatoka jekundu. Mti wako unaota.”

Nimemwomba arudie. Kasema unaota, wewe mwanamke, unaota. Nimekimbia shamba zima nikitafuta wekundu. Uko huku, uko kule, uko hata mstari wa chini kabisa, uko kwenye ule mche wa Sia karibu na kigoda. Kassian alikuja, nikamwonyesha, nikamweleza. Akachuchumaa. Akalishika jani moja kwa vidole viwili. Nikamwacha afute macho yake kwa raha zake.

Mama mkwe kauliza kelele za nini. Nikamwambia kokoa imeota. Kasema, “Mm.” Akarudi ndani. Lakini redio aliifungua kwa sauti kubwa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimerudi bondeni. Kwelea wamefika, wale ndege wala mpunga. Natupa mawe kwa kombeo siku nzima, bega si langu.

Jumapili, 18 Mei

Kassian hapatikani tangu juzi. Mama anasema kasafiri. Kassian? Kwenda wapi?

Jumatano, 21 Mei

Alikwenda Mbingu! Mtu huyu ambaye hata harusi ya Digna alisema ni mbali. Kakaa kwa Beno anajifunza. Leo kashuka bondeni kuniletea unga, na tangu afike hanywi hata maji, anazungumzia kupogoa, kivuli kiwe kiasi gani, mbegu zinavyochachushwa ndani ya majani ya mgomba. Nikamwambia Baba Sia, una mdomo. Akacheka mpaka kwelea wakaruka.

Na badala ya ile miche iliyokufa karudi na mingine kwenye basi, kaipakata njia nzima.

Alhamisi, 5 Juni

Mpunga umeiva. Ukisimama kwenye dungu ni dhahabu mpaka macho yanaishia.

Jumatano, 18 Juni

Tunakata. Hakuna nguvu ya kuandika.

Jumamosi, 28 Juni

Tumevuna vizuri. Nimesema, na tena nasema.

Jumapili, 13 Julai

Mama mkwe amepanda shambani.

Alikataa kushikwa mkono. Goti limepona lakini fimbo anayo, na kwa fimbo hiyo kaligusa kila shina, mstari kwa mstari, sisi watatu nyuma yake kama watoto wa komunyo ya kwanza. Kokoa imefika mabegani mwa Sia. Mitiki mpakani imeshanipita. Alifika kwenye mfereji akasimama. Kauliza huu nani alichimba. Nazari kasema ni yeye na kaka. Kauliza majaruba ni ya nani. Kassian kasema ni yangu, mama. Kauliza yalivunjwa na nani. Nikasema ni mimi.

Kaendelea kutembea. Alipofika kwenye mche wa Sia akakaa kwenye kigoda chake, akavuta pumzi.

“Kesho twende kwa mtendaji,” kasema. “Mvae vizuri.”

Jumatatu, 14 Julai

Tumevaa vizuri. Sia viatu vya Krismasi, vinambana.

Mtendaji ni kijana, mstaarabu, katuamkia wote. Kafungua daftari, kaandika, mashahidi wakatia saini. Alipofika kwenye jina akasimama kidogo. Kasema kwa adabu kwamba bibi ana watoto wa kiume, na huyu ni wa kike, je, akija kuolewa?

Nazari akafungua mdomo. Nikakunja ngumi chini ya khanga.

“Akiolewa,” kasema Nazari, “huyo mkwe wetu atakuja kuvuna kokoa ya mke wake. Andika, ndugu.”

Nimemsamehe. Hapo hapo, kwenye benchi.

Mtendaji akaandika. Kisha akasema mtoto wa miaka mitatu hawezi kusimama peke yake, lazima awepo msimamizi hadi atakapokua. Kalamu ilishaelekea kwenye jina la Kassian.

“Andika mama yake,” kasema mama mkwe.

Mimi mwenyewe nilitazama nyuma nione anasema mama yake nani. Mimi si wa ukoo huu. Nimekuja na begi moja, na miaka mingi nilikaa kwenye nyumba ile bila mtoto, nikingoja nisikie kwake neno la kurudishwa kwetu. Halikuja. Na neno lingine pia halikuja, hadi leo.

“Wanangu nawapenda,” kasema. “Kassian anajua kutunza, Nazari ana moyo, nimeuona. Lakini nilisimama mlangoni siku ile ya mvua. Nilimwona huyu anavunja tuta zuri la mume wake kwa mikono mitupu. Likiharibika jambo la wajina wangu, nataka mtu wa kulivunja bila kuona aibu.” Akamgeukia mtendaji. “Anaitwa Eveline. Ana mdomo. Andika.”

Kassian alicheka wa kwanza. Kisha akanishika bega mbele ya watu wote, na mtu huyu hajawahi kunishika bega mbele ya watu.

Mama mkwe katia dole gumba. Akasema wajina naye atie, shamba ni lake. Mtendaji kasema si lazima, mama kasema ni lazima. Basi kile kidole kidogo kikachovywa wino wa bluu, kikakandamizwa chini ya kile kikubwa, na Sia akapenda mno. Alipiga alama kwenye meza, kwenye gauni lake, kwenye shati jeupe la Nazari. Tuliporudi akataka apelekwe shambani kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye mche wake karibu na kigoda, akabandika kidole kwenye jani. Wino ulikuwa umekauka, haukushika. Yeye kaona umeshika.

Nazari akiwasha pikipiki akaniita. “Shemeji, karibu kazini. Sasa na wewe una tajiri.”

Tajiri wangu kalala mgongoni njia nzima, viatu nimemvua, kidole cha bluu mdomoni. Kesho asubuhi nampalilia.